Kiti kimoja, kadi moja: Somnath Chatterjee na kura ya Julai 2008

Alasiri ya tarehe 22 Julai 2008, wabunge watatu wa BJP, chama kikuu cha upinzani wakati huo, walisogea hadi kwenye meza ya makatibu katika Lok Sabha, bunge la chini la India, wakafungua mkoba na kuanza kupanga mabunda ya noti. Rupia milioni 10. Walidai ni hongo waliyopewa ili wasipige kura ya imani na serikali jioni hiyo. Nchi nzima iliona kwenye televisheni ya bunge, chaneli ambayo Spika mwenyewe, Somnath Chatterjee, alikuwa ameianzisha miaka miwili kabla ili wananchi wawaone wabunge wao wakiwa kazini. Sasa waliwaona.

Jioni kura zikahesabiwa: 275 ziliunga mkono serikali ya Waziri Mkuu Manmohan Singh, 256 zikaipinga, wabunge 10 hawakuegemea upande wowote. Chatterjee, mzee aliyebakiza siku tatu atimize miaka 79, akatangaza matokeo. Kesho yake chama chake cha Kikomunisti kilimfukuza.

Alikuwa mwanachama tangu 1968 na mbunge tangu 1971, amechaguliwa mara 10. Kosa lake lilikuwa kukaa. Chama kilitaka aondoke kwenye kiti cha Spika, ashuke kwenye mabenchi na kupiga kura dhidi ya serikali, naye hakushuka. Wengi hukisimulia kisa hiki kama pambano la dhamira ya mtu na ukatili wa chama. Nikikisoma upya naona kitu kisichopendeza hivyo: deni ambalo pande zote mbili zilikopa mwaka 2004 huku kila mmoja akijua, na hakuna aliyetaka kuuliza litalipwa lini.

Mtu mwenyewe kwanza. Alizaliwa Tezpur, Assam, tarehe 25 Julai 1929. Baba yake, Nirmal Chandra Chatterjee, alikuwa wakili mkubwa wa Kolkata na kiongozi wa Hindu Mahasabha, chama cha utaifa wa Kihindu. Hapo mtu angetarajia mtoto aelekee huko huko. Lakini wakomunisti walipopigwa marufuku mwaka 1948 na viongozi wao kutiwa ndani, mzee huyo huyo wa Hindu Mahasabha ndiye aliyeanzisha umoja wa kutetea haki za raia na kudai waachiwe. Kutokana na hilo akajenga urafiki na Jyoti Basu, kijana wa Kikomunisti ambaye baadaye angeliongoza jimbo la Bengal Magharibi kwa miaka 23 mfululizo. Baba alimaliza siasa zake akiwa mbunge huru wa Burdwan, akiungwa mkono na wakomunisti. Alipofariki mwaka 1971, mwanawe akachukua kiti hicho, naye akiwa mgombea huru mwenye baraka za Chama cha Kikomunisti cha Kimarx, ambacho Wahindi hukiita CPM.

Kwa hiyo huyu hakutokea kiwandani wala shambani. Alisoma Presidency College, akaenda Cambridge, akawa wakili London, kisha Mahakama Kuu ya Kolkata. Ukomunisti wake ulikuwa wa mtu wa sheria: katiba, kanuni, utaratibu. Wabengali walimwita Somnath-da. Hiyo “da” ni kifupi cha “dada”, na msomaji wa Kiswahili asicheke, kwa Kibengali dada ni kaka mkubwa.

Safari yake ya ubunge haikuwa ya mteremko. Baada ya Burdwan alihamia Jadavpur, akashinda 1977 na 1980. Kisha ikaja Desemba 1984. Waziri Mkuu Indira Gandhi alikuwa ameuawa wiki chache kabla, na wimbi la huruma likakipa chama chake cha Congress zaidi ya viti 400. Katika wimbi hilo Chatterjee, wakili maarufu na mbunge wa mihula mitatu, aliangushwa na msichana wa miaka 29 ambaye hakuna aliyekuwa akimjua nje ya mitaa ya Kolkata. Jina lake Mamata Banerjee. Miaka 27 baadaye ndiye aliyeuzika utawala wa wakomunisti Bengal. Chatterjee alirudi bungeni mwaka 1985 kwa uchaguzi mdogo wa Bolpur, na Bolpur haikumwacha tena: 1989, 1991, 1996, 1998, 1999, 2004. Mwaka 1996 alipewa tuzo ya mbunge bora, na kwa miaka 15 aliongoza wabunge wa chama chake ndani ya Lok Sabha.

Mwaka huo wa 1996 kulitokea jambo ambalo bila kulijua huwezi kuelewa 2008. Vyama vya muungano vilimwomba Jyoti Basu awe waziri mkuu wa India. Yeye alikuwa tayari. Kamati Kuu ya CPM ikakataa: hatuingii kwenye serikali tusiyoweza kuiendesha kwa sera zetu. Basu alitii, ila baadaye alisema hadharani kwamba lile lilikuwa kosa la kihistoria. Wakomunisti wa Bengal, ambao walikuwa wakiendesha serikali kila siku, walibaki na kinyongo na wale wa makao makuu Delhi ambao waliendesha nadharia. Huo ufa haukuzibwa.

Miaka minane baadaye mlango ukafunguka tena. Uchaguzi wa 2004 uliipa Congress viti 145 na BJP 138, wakati wingi wa bunge ni 272. Congress ilihitaji vyama vya mrengo wa kushoto, vilivyokuwa na wabunge takriban 60, na CPM peke yake 43. Kwa mara nyingine chama kikasema hatuchukui uwaziri, tutaunga mkono kutoka nje. Ila uspika walikubali.

Hapa ndipo ningeweka kidole. Chama kilichokataa kila tunda la serikali kilikula moja tu, tunda lenye heshima zaidi na mamlaka machache zaidi, na hakikujiuliza lina mbegu gani ndani. Tarehe 4 Juni 2004 Chatterjee alichaguliwa bila kupingwa, upinzani nao ukimuunga mkono. Mkomunisti wa kwanza kukalia kiti hicho. Maana ya kuchaguliwa na wote ni kwamba siku hiyo alipokea dhamana kutoka kwa BJP vilevile. Lakini mfukoni alibaki na kadi ya chama.

Sheria ilimruhusu. Jedwali la Kumi la Katiba ya India, lililoongezwa mwaka 1985 ili kuzuia wabunge kuhamahama, linamuadhibu anayeacha chama kwa hiari yake au anayepiga kura kinyume na agizo la mnadhimu. Spika amepewa msamaha maalumu: anaweza kujiuzulu uanachama akishachaguliwa na asipoteze ubunge. Anaweza. Halazimiki. Neelam Sanjiva Reddy alipochaguliwa Spika mwaka 1967 alirudisha kadi ya Congress aliyokuwa nayo miaka 34, wakati huo hata jedwali hilo halikuwapo. Chatterjee, mtu wa kanuni kuliko wote, alikuwa na mfano huo mbele yake na sheria iliyomfungulia njia, naye hakuufuata. Sijaona maelezo yake ya kuniridhisha kwa nini. Nadhani jibu ni la kibinadamu tu. Mtu aliyeishi ndani ya chama tangu 1968 haoni kadi kama karatasi, na chama nacho hakikumwomba aitoe, maana kilipenda picha ya mkomunisti akiwa juu ya kiti kile.

Akiwa Spika alikuwa mkali. Desemba 2005 waandishi walipowanasa kwa kamera wabunge 11 wakipokea fedha ili waulize maswali bungeni, 10 wa bunge la chini na mmoja wa bunge la juu, wote walifukuzwa ndani ya wiki mbili. Mahakama ya Juu ya India ilipomtumia hati aje ajieleze, alikataa kuipokea: mahakama haina kazi ya kumhoji Spika juu ya mambo ya ndani ya bunge. Mwaka 2007 mahakama yenyewe iliridhia kwamba wabunge wale walifukuzwa kihalali. Hakuwa mtakatifu. Mwaka 2006, wabunge waliposhutumiwa kwa kushika vyeo vingine vya serikali, naye aliguswa kwa kuwa mwenyekiti wa mamlaka ya maendeleo ya Santiniketan. Sonia Gandhi, kiongozi wa Congress, alijiuzulu ubunge akagombea upya. Chatterjee aliokolewa na bunge lililobadilisha sheria na kuviondoa vyeo hivyo kwenye marufuku. Kwa mtu aliyehubiri usafi, hiyo ilikuwa doa.

Sasa Julai 2008. Chanzo kilikuwa mkataba wa nyuklia. India ilikuwa imelipua bomu lake la kwanza la majaribio mwaka 1974, haikuwahi kutia saini mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha hizo, na kwa sababu hiyo ilifungiwa nje ya biashara ya mafuta ya vinu vya nyuklia. Julai 2005 Manmohan Singh na George W. Bush walikubaliana kufungua mlango huo kwa matumizi ya umeme. Kwa CPM, chini ya Katibu Mkuu Prakash Karat, hilo lilikuwa kuifunga sera ya nje ya India kwenye mkokoteni wa Washington. Walivutana karibu miaka mitatu. Tarehe 8 Julai 2008 walitangaza kuondoa mkono wao, na kesho yake wakampelekea Rais Pratibha Patil barua yenye orodha ya wabunge wao.

Jina la Spika lilikuwamo.

Mimi husimama hapo kila nikikifuata kisa hiki. Hawakumwita wakaketi naye kwanza. Karatasi moja iliyopelekwa ikulu ilimhesabu kama kura, pamoja na wengine wote, na yeye alijibu kupitia ofisi yake kwamba Spika hawakilishi chama chochote katika kazi zake. Kuanzia siku hiyo ilikuwa vigumu kwa upande wowote kurudi nyuma bila aibu.

Hoja ya chama si ya kupuuzwa, na wanaoipuuza hawajui jinsi vyama vya Kikomunisti vinavyofanya kazi. Huko mnajadili ndani hadi usiku, uamuzi ukipita, aliyeshinda na aliyeshindwa wanautii sawasawa. Kiti cha ubunge ni cha chama, mbunge amekopeshwa tu. Isitoshe, uspika ule ulitokana na makubaliano kati ya kushoto na Congress. Makubaliano yamekufa, vipi matunda yake yabaki mezani? Na kama Chatterjee aliona Spika hana chama, alikuwa na miaka minne ya kuirudisha kadi.

Upande wake kulikuwa na mambo matatu. Moja ni la kikatiba: Spika hapigi kura ya kawaida, hupiga tu kura zikilingana. Akikubali kujiuzulu ili akaongeze kura, kila Spika atakayefuata atakuwa askari wa akiba wa chama chake, na hakuna upinzani utakaomwamini tena. La pili ni la kisiasa: kura hiyo ingempanga mstari mmoja na BJP, chama alichokipinga maisha yake yote. Wenzake waliona hilo ni gharama ya kawaida ya bunge, yeye hakuona hivyo. La tatu ni Jyoti Basu. Kwa maelezo ya Chatterjee mwenyewe katika kumbukumbu zake alizochapisha mwaka 2010, alikwenda Kolkata kumwona mzee yule, na ushauri aliopewa ulikuwa aendeshe kikao. Basu, ambaye mwaka 1996 alitii na kujutia, alikuwa akimwambia mwenzake asitii. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema hivyo, ni yeye.

Kuna hoja ya nne ambayo sijaona ikipewa uzito unaostahili. Chatterjee angejiuzulu, kikao kingeongozwa na nani? Naibu Spika Charanjit Singh Atwal, wa Shiromani Akali Dal, mshirika wa BJP. Siku ya noti mezani, siku ambayo nusu ya bunge ilikuwa ikipiga kelele hata waziri mkuu akashindwa kusoma hotuba yake ya kuhitimisha na kuiwasilisha kwa maandishi tu, CPM ingekuwa imekikabidhi kiti kwa kambi ya BJP, kwa hiari yake. Sielewi jinsi Karat alivyoipiga hesabu hiyo.

Hesabu yenyewe ya kura nayo tuiangalie. Tofauti ilikuwa 19. Chatterjee angeshuka na kupiga “hapana”, ingekuwa 275 kwa 257, tofauti 18. Ni rahisi leo kusema chama kilimtupa mzee aliyekuwa mwanachama kwa miaka 40 kwa ajili ya kura isiyobadilisha kitu. Lakini asubuhi ile hakuna aliyejua. Samajwadi Party ya Mulayam Singh Yadav ilikuwa imevuka kuja kuiokoa serikali, wabunge walikuwa wakinunuliwa au wakidai kununuliwa, wengine walitolewa jela kwa ruhusa maalumu ili wapige kura. Na Delhi haijasahau tarehe 17 Aprili 1999, serikali ya Atal Bihari Vajpayee ilipoanguka kwa 269 dhidi ya 270. Kura moja. Mtu aliyeyaona hayo hawezi kudharau kura moja. Kwa hiyo silaumu chama kwa kuitaka kura. Nakilaumu kwa kutoona kwamba kura zikilingana kwa kweli, huyu mtu wao ndiye ambaye katiba ingemkabidhi uamuzi, akiwa pale pale juu.

Adhabu ilikuja haraka mno. Tarehe 23 Julai Politibyuro, kamati ya juu ya uongozi wa chama, ilikutana ikatumia kifungu cha katiba ya chama kinachoruhusu kumfukuza mtu papo hapo, kwa kosa la kuhatarisha vibaya msimamo wa chama. Hakuitwa kujieleza. Yeye alisema ni mojawapo ya siku za huzuni kuu maishani mwake.

Msomaji wa Tanzania atakuwa anajiuliza: si basi na ubunge ukaisha? Kwetu mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, kiti kinakwenda. India sheria inamkamata anayeacha chama mwenyewe, aliyefukuzwa haimgusi, maana ingekuwa kukipa chama kisu cha kumkata mbunge yeyote wakati wowote. Na Spika huondolewa tu kwa azimio la wingi wa wabunge wote, baada ya taarifa ya siku 14. Hakuna aliyejaribu. Chatterjee aliendelea kukalia kiti hadi bunge lile lilipomaliza muda wake mwaka 2009, sasa bila kadi, yaani katika hali ambayo angeweza kuichagua mwenyewe mwaka 2004 kwa barua ya mistari miwili.

Miezi ya mwisho ilimtoa uvumilivu. Februari 2009, wabunge wakifanya fujo tena mbele ya meza, aliwaambia anatumaini wote watashindwa uchaguzi, na kwamba hawastahili hata senti ya fedha za umma. Mkataba wa nyuklia ulikuwa umeshatiwa saini Oktoba iliyotangulia. Kile ambacho chama kilikuwa kikikipigania kilipotea, na aliyefukuzwa hakurudi.

Uchaguzi wa 2009 uliiteremsha CPM kutoka viti 43 hadi 16. Wapo wanaosema ni laana ya Somnath-da. Hapana. Wakulima wa Singur waliopokonywa ardhi kwa ajili ya kiwanda cha magari, na watu 14 waliopigwa risasi na polisi Nandigram tarehe 14 Machi 2007, waliiangusha CPM Bengal. Nuklia haikumnyima usingizi mkulima wa mpunga. Ila sioni shida kusema kwamba chama kilekile kilichoshindwa kumsikia mkulima kilishindwa pia kumsikia mzee wake, na kwa ugonjwa uleule. Mwaka 2011 Mamata Banerjee alihitimisha utawala wao wa miaka 34. Bolpur yenyewe ilikuwa imetengwa kwa ajili ya wagombea wa matabaka yaliyonyimwa haki, kwa hiyo Chatterjee asingeweza kugombea huko hata angetaka. Alikuwa ameshatangaza kustaafu.

Miaka iliyofuata viongozi kadhaa wa CPM wa Bengal walionyesha kutamani arudi. Hakuomba, na chama hakikumrejesha.

Alifariki Kolkata tarehe 13 Agosti 2018, akiwa na miaka 89. Taarifa ya kwanza ya chama ilimtaja kama Spika wa zamani na mbunge wa mihula 10, bila kusema kwamba aliwahi kuwa wao, na watu wakawazomea. Chama kikataka kumfunika bendera nyekundu. Familia ikakataa. Wakaomba mwili upitishwe makao makuu yao ya Alimuddin Street, wakakataliwa pia. Ulipelekwa Mahakama Kuu alikoanzia kazi, kisha bunge la jimbo ambako serikali ya Mamata Banerjee, yule msichana wa Jadavpur, ilimpigia mizinga ya heshima. Baada ya hapo nyumbani kwa muda mfupi, halafu hospitali ya SSKM, kwa wanafunzi wa udaktari, kama alivyokuwa ameandikisha miaka mingi kabla.